Pawa Saplai ya Baba Mkwe

Kama ningekuwa natunga, ningetunga kisa ambacho mimi ndiye mtu mwema ndani yake. Hebu niambie, nani anakaa chini kubuni maneno ya kujiaibisha mbele za watu? Hili lilinitokea mimi, mchana, dukani kwangu, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi. Usipoamini sitagombana nawe. Mimi nataka tu lisikike, kwa sababu nimelibeba mpaka nimechoka.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Duka langu liko Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya hapa Tukuyu, siyo ile ya pwani. Ni chumba kimoja, meza moja ndefu, rafu mbili zilizojaa maboksi. Kazi yangu kubwa ni kuunda kompyuta za mezani. Mteja anakuja na shida yake, tunakaa, tunachagua kifaa kimoja kimoja: prosesa ya kufikiri, ram ya kukumbuka kwa haraka, diski ya kutunza kazi zake, kesi ya kuvifunika vyote. Mimi naagiza Dar, mzigo ukifika nafunga. Kazi naipenda, na naiweza. Hilo la kuiweza liweke akilini, maana nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua.

Sasa nikueleze jambo moja la nyumba niliyoolewa, usije ukaniacha njiani. Nimeolewa Masoko, kwenye familia ya Kinyakyusa iliyoshika mila za zamani. Kwao, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake usoni. Hamsalimii, hasemi naye, hali naye. Wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani, anageuza mgongo, anavuta khanga kichwani mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameacha kabisa, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama mpira. Baba mkwe wangu hakuacha. Na wala sikuona ubaya, kwa sababu heshima ile ilikuwa ya pande mbili: miaka tisa mzee yule hakuwahi kunifokea, hakuwahi kunikalia kikao, hakuwahi kuingia jikoni kwangu kuangalia nimepika nini. Ni wakwe wangapi unaowajua wa namna hiyo?

Lakini matokeo yake ndiyo haya: miaka tisa, niamini, sikuwahi kuiona sura yake. Niliujua mgongo wake, kofia yake ya sufu, na jinsi alivyokohoa kabla ya kuingia uani. Basi. Ukitaka kumwambia kitu unamtuma wifi yangu Atupele, dada wa mume wangu, aliyekuwa anakaa na baba yake pale Masoko. Naye akitaka kunijibu anamtuma huyo huyo.

Mzee alikuwa amestaafu. Maisha yake yote alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai. Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla mimi sijaolewa, kwa hiyo sikumkuta. Alikuwa kiongozi wa kwaya, na wanasema sauti yake ilikuwa haisahauliki. Mzee alikuwa na tabia ya kumrekodi kwenye kaseti kwa redio yake, kanisani, kwenye harusi, hata jikoni akiimba anamenya ndizi. Alipofariki zikabaki kaseti, sanduku zima. Na wewe unaijua hali ya hewa ya kwetu. Mvua na ukungu mwaka mzima, nguo ukizisahau kabatini zinanuka. Kaseti zikaanza kuota kuvu. Mzee akaona siku moja atabaki hana kitu.

Ndipo Atupele akaja dukani na karatasi ya daftari. Mzee ameandika kwa mkono wake anataka kuundiwa kompyuta ya kuhamishia zile sauti. Nilicheka kwa furaha, nakwambia, kwa jinsi alivyochagua vizuri. Wateja wangu vijana wanataka prosesa kubwa, taa za rangi ndani ya kesi, mbwembwe. Mzee alitaka tundu zuri la kuingizia sauti, diski imara, vingine vya kawaida. Chini kabisa alikuwa amepigia mstari jambo moja, na Atupele alikuwa ameagizwa alirudie kwa mdomo: "Baba anasema, vingine vyote uchague mwenyewe, lakini pawa saplai iwe nzito."

Pawa saplai ni lile boksi la chuma linalokaa nyuma ya kompyuta, linapokea umeme wa ukutani na kuugawia vifaa vingine kwa kipimo. Watu hawalijali kwa sababu halionekani. Wanaweka prosesa ya maana halafu wanabana hapo. Mtu aliyeishi na mitambo ya kiwanda hawezi kufanya kosa hilo. Na kupima ubora wake kwa uzito ni kweli kabisa: iliyo nzuri ina shaba na chuma cha kutosha ndani, inalemea mkono. Mbovu ni nyepesi kama kopo tupu.

Niliagiza. Ikaja, nzito, nzuri, kwenye boksi lake. Nikaiweka rafuni na vifaa vingine vya mzee.

Wiki ile ile akaja mwenye duka la kuchapisha la hapa mjini, jasho linamtoka. Kompyuta yake imekufa, pawa saplai imeungua, na ana mitihani ya shule tatu ya kuchapa. Akasimama juu yangu, haondoki, simu zinamlilia. Nikatazama rafuni. Nikajisemea, mzee hana haraka, nitamwagizia nyingine. Nikaichukua ya mzee nikamfungia yule.

Wala hapo bado kosa halijawa kubwa, au siyo? Fundi yeyote ameshafanya hivyo. Lakini nilisahau kuagiza. Kisha nikakumbuka, nikaahirisha. Halafu siku moja Atupele akatokea mlangoni bila taarifa: baba anauliza, iko tayari? Kaseti nyingine imekatika. Nikaona haya kusema bado. Nikamwambia azunguke sokoni arudi baada ya saa mbili. Chini ya meza nilikuwa na pawa saplai iliyotumika, nyepesi, nimeitoa kwenye kompyuta ya mtu iliyotupwa. Nikaipuliza vumbi, nikaifuta kwa spiriti, nikabandika stika mpya. Nikafunga kesi. Nitaibadilisha mwezi ujao, nilijiambia. Na mzee atajuaje?

Unaona nilivyokuwa? Kama angekuwa mteja mwingine, ningeogopa atarudi aninyooshee kidole. Huyu hawezi. Mila inamzuia kunitazama, inamzuia kuniuliza. Ile heshima aliyonipa miaka yote niliifanya maficho.

Mwezi ujao haukufika. Na mashine ikawa inafanya kazi! Atupele akija mjini ananisimulia: baba anakaa pale na redio yake na waya, anahamisha kaseti moja moja. Kaseti nyingi zilikuwa zimechoka, zinacheza mara moja ya mwisho halafu utepe unakatika. Mzee anazitupa bila huzuni, kwa sababu sauti ameshaiweka salama ndani. Alimaliza sanduku lote, hakubakiza hata moja. Atupele aliniambia jioni anamkuta baba yake amekaa giza linaingia, mama anaimba ndani ya kompyuta, mzee ametulia kabisa. Nami nikafurahi, na kuwa na wasiwasi nikaacha.

Ikaja mvua ya Machi. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Pawa saplai nzuri ingejizima yenyewe, ikanyamaza. Ile yangu ya stika ilipitisha umeme wote ndani. Ikaunguza ubao unaobeba vifaa, ikaunguza diski.

Atupele aliileta imefungwa kwenye blanketi. Blanketi, jamani, kama mtoto. Nilipofungua kesi harufu ilinipiga, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye stika. Atupele amesimama pale ananitazama. "Wifi, zile nyimbo zitapatikana?"

Nikamuuliza, "Baba alikuwa amechomoa kwenye soketi?"

"Hapana. Alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa."

"Basi ni radi hiyo," nikasema. "Diski imekwisha. Mwambie pole. Angechomoa ingepona."

Nilitamka hivyo. *Angechomoa ingepona.* Sikupanga, lilitoka tu, laini, kama neno la kitaalamu. Diski niliipeleka mpaka Mbeya kwa jamaa mwenye vifaa kuliko mimi, akashindwa. Nilimtuma Atupele amwambie mzee nitamuundia nyingine bure. Jibu likaja: asijisumbue, ya nini tena. Na Atupele akaniambia kwamba baba hasemi kingine, anarudia tu, "Ni mimi. Nilisahau kuchomoa." Anawaambia watu wakija kumsalimia. Amepoteza sauti ya mkewe kwa uzembe wake.

Mara ngapi nilipiga moyo konde niseme? Mara nyingi. Naenda Masoko na mume wangu, nafika uani, mzee anakohoa, naingia migombani. Nasimama pale na khanga kichwani, yeye anapita hatua tatu kutoka nilipo, na ukweli wote ninao mdomoni. Halafu najiambia, mila hairuhusu. Uongo mtupu! Mila ilinipa Atupele wa kumtuma.

Alifariki miezi mitano baadaye. Aliugua mapafu, hakukaa siku nyingi. Kwenye msiba nilikuwa jikoni na wanawake wengine, na wakati wa kuaga sikusogea kwenye jeneza, kwa sababu mkwe hamtazami mkwe hata akiwa amelala vile. Picha iliyobebwa mbele ilikuwa ya kitambulisho chake cha kazi cha zamani, kijana mwenye masharubu meusi. Kwa hiyo hata tulipomzika, sura yake bado sikuijua. Watoto wake wakasema kaburini alikuwa baba mwema, ila ile kompyuta ndiyo ilimvunja moyo, na laiti asingesahau kuchomoa. Nilisikia nikiwa nimeinama. Sikusema kitu.

Sasa nakuja kwenyewe.

Ilikuwa kama mwezi na nusu baada ya mazishi, saa tisa alasiri. Mvua nyembamba, ukungu umeshuka mpaka huoni duka la ng'ambo ya barabara. Umeme hakuna. Nimekaa na chai yangu nasubiri urudi. Mtu akasimama mlangoni, mzee, koti jeusi refu, mabuti ya mvua.

"Hodi."

"Karibu baba. Shikamoo."

"Malahaba, mwanangu."

Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wetu, kila r ni l. Sauti ilikuwa ya chini imekauka, kama mtu mwenye mafua makali. Nikampa kiti, akakaa. Na akanitazama. Alinitazama kwa muda, bila ubaya, kama mtu aliyesubiri siku nyingi kukuona. Mimi nami nikamtazama. Mteja huyo, kwa nini nisimtazame? Alikuwa na uso mrefu, mashavu yameingia, na kovu limeikata nyusi ya kushoto katikati. Macho yake yalikuwa matulivu sana. Nikajisemea, huyu mzee lazima alikuwa na sura nzuri ujanani.

"Nasikia unaunda komputa," akasema.

"Ndiyo baba. Unataka ya kazi gani?"

"Ya kutunzia sauti."

Roho ikanishtuka kidogo, usifikiri haikunishtuka. Lakini wazee wa kwaya ni wengi wilaya yetu hii ya Rungwe. Nikainuka, nikaanza kumpangia vifaa mezani kama ninavyompangia kila mtu. Hii ndiyo prosesa, baba, usihangaike na kubwa. Hii ram, moja inakutosha. Diski chukua hii. Kila kifaa alikishika, akakigeuza, akakipapasa kwa ukucha wa dole gumba pale kinapoungana. Watu wanaoshika hivyo ni mafundi, na mimi fundi mwenzangu humjua. Nikachangamka. Nikaona leo nimepata mtu wa kuongea naye.

Tukafika kwenye pawa saplai. Nilikuwa nazo mbili rafuni, moja nzito na moja mbovu ninayoiweka ya kuonyeshea tofauti. Nikampa zote, moja kila mkono.

"Hii hapa ndiyo yenyewe," nikasema. "Unasikia inavyolemea? Hiyo nyingine ni takataka."

Akazipima taratibu, mkono huu unapanda, ule unashuka. "Mtu akichagua nzito, akafungiwa nyepesi, atajuaje?"

Nikacheka. Nisamehe, nilicheka kweli. "Hawezi kujua, baba! Kesi ikishafungwa nani atafungua? Wapo mafundi hapa mjini wanafanya hivyo. Siyo mimi. Lakini wapo."

"Na ikiungua?"

"Wanasema radi. Tukuyu hii radi haikosekani, mteja atabisha nini?"

"Naye atasema nini, huyo mteja?"

"Atajilaumu," nikasema. "Wanamwambia hukuchomoa. Basi, analia peke yake."

Yeye bado amezishika zile mbili. Unaweza kuamini kwamba niliyasema hayo huku natabasamu, kwa sauti ya mtu anayemwonya mzazi dhidi ya matapeli? Dhambi yangu mwenyewe, nimeiweka mezani kama ya watu wengine, na ninajisikia vizuri.

"Na wewe," akasema, "hujawahi?"

"Mimi?" Nikashika kifua. "Haki ya Mungu, baba, sijawahi."

Alinitazama tena, na safari hii mimi ndiye niliyegeuza macho. Akaiweka ile nzito mezani, polepole, akaisukuma kuelekea kwangu. Ile nyepesi akabaki nayo kidogo, akaiweka mahali pake kwenye mpangilio, kati ya diski na kesi.

"Niwekee hii," akasema. "Nimeshaizoea."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikasema, "Baba, hiyo ni mbovu." Alikuwa ameshasimama. Akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, akatoka. Nilisimama pale natazama mlango wenye ukungu, nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu sipendi mteja asiyesikiliza ushauri.

Dakika haikupita, akaingia Mama Neema. Huyu anauza chai na ndizi za kuchoma kwenye kibaraza kinachopakana na changu. Ni mzaliwa wa Masoko, mtu mzima, mdomo wake hauna breki. Alikuwa amekaa Kyela miezi minne kwa binti yake aliyejifungua, na siku hiyo ndiyo kwanza amefungua biashara. Aliingia amekunja uso, koleo ya mkaa mkononi.

"Wewe mwanamke, mji umekuharibu namna hii?"

"Nimefanya nini tena?"

"Unaniuliza? Mkwe wako anakuja dukani, mnakaa mnatazamana macho kwa macho, mnachekeana! Nimewaona kwa macho yangu. Hata kujifunika hukujifunika! Yule mzee alivyoshika adabu maisha yake yote, leo umemfikisha hapa?"

"Mkwe gani, Mama Neema?"

"Mkwe gani! Baba yake Lusajo. Si amenipita hapo nje? Nimemsalimia, ameniitikia vizuri tu."

Lusajo ni mume wangu. "Mama Neema," nikasema, "baba yake Lusajo tumemzika."

Akanitazama kuona kama natania. Halafu akatazama kiti, akatazama mlango, na koleo ikamdondoka. Tulikimbia nje wote wawili. Barabara ilikuwa tupu pande zote. Kwenye jiko lake ndizi ziliungua mpaka zikawa mkaa, hakuna aliyezigeuza.

Jioni Lusajo aliporudi nilimsubiri avue viatu. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, kama baba alikuwa na alama yoyote usoni.

"Kovu," akasema. "Nyusi ya kushoto. Mkanda wa mashine ulimpiga kiwandani, mimi mdogo. Kwani hujui?" Halafu akajikumbuka. "Ah, kweli. Utajuaje."

Akatafuta kwenye simu yake, akanipa. Ilikuwa picha ya mwaka jana, mzee amekaa kwenye benchi na redio mapajani, anatazama kamera. Nilitaka kuvuta khanga nijifunike, halafu nikaona nimechelewa. Ule uso mrefu, mashavu yameingia, na yale macho. Miaka tisa nimeutafuta na kuukimbia uso huo, na siku nilipoutazama nilikuwa naudanganya.

Sikusema usiku huo. Wala wiki hiyo. Unaona mtu anavyokuwa? Maiti imekuja mpaka dukani kuniuliza, na bado nikatafuta nafasi nzuri. Zilipita wiki tatu, sili vizuri, sifungi kazi ya mtu. Ndipo nikapanda Masoko peke yangu, nikamkuta Atupele uani anamenya ndizi.

"Wifi," nikasema, "naomba unipelekee ujumbe kwa baba."

Akacheka kidogo. "Baba yupi huyo wa kupelekewa ujumbe?"

Nikapiga magoti nikamwambia. Yote. Pawa saplai ya kwanza, mtu wa mitihani, stika, radi. Nikamwambia na habari ya mgeni. Alikuwa anaendelea kumenya, ganda linashuka refu, hajainua kichwa. Nilipomaliza nikamwomba aende kaburini aseme kwa niaba yangu, kwa sababu mimi mila hainiruhusu kusema na mkwe wangu.

Kisu kikasimama.

"Yale maneno niliyabeba mimi," akasema. "Ulinipa wewe, nikaja nayo mpaka hapa nilipokaa. Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba ni kosa lake. Kwa mdomo huu wangu." Akaanza kulia, lakini sauti yake haikubadilika. "Miezi mitano nilikuwa namsikia anajilaumu, nami nikiitikia, ndiyo baba, ulisahau. Unajua nilikuwa namwambia hivyo? Wakati mwingine kwa hasira, kwa sababu hata mimi nilitaka kumsikia mama."

"Nisamehe, wifi."

"Ujumbe huu sibebi. Dukani ulimtazama ukamdanganya. Basi nenda kamtazame, umwambie mwenyewe."

Nikaenda. Kaburi liko nyuma ya nyumba, pembeni mwa la mkewe, katikati ya migomba. Khanga niliishusha mabegani. Nikasema kwa sauti, maana hakuna tena wa kunisemea: si wewe, baba. Ni mimi. Ungechomoa, usingechomoa, siku yoyote ingeungua tu, kwa sababu nilikuwekea mbovu. Nilirudia mara tatu. Usitegemee nikuambie kwamba upepo ulivuma au nikaona nuru. Hakuna kilichotokea. Nilisikia Atupele kule uani ameendelea kumenya.

Leo ndugu wote wanajua. Atupele aliwaambia mmoja mmoja, na alifanya vizuri, kwa sababu jina la baba yao limesafishwa. Yeye haji kwangu, na nikienda Masoko ananipa chakula lakini hali nami. Lusajo hakunifukuza. Tunaongea ada za watoto na mboga, basi. Kuna siku namkuta anaisikiliza redio iliyozimwa, namaanisha ameishika tu mapajani, na mimi napita kimya kwenda jikoni.

Na mkono wangu. Tangu siku ile ya mgeni mkono wangu wa kulia hausikii uzito wa pawa saplai. Najua unaona nachanganyikiwa. Nishike nzito, nishike mbovu, zote kwangu ni nyepesi kama kopo tupu. Kabla sijafunga kazi ya mtu lazima nizipeleke kwa muuza maharage nizipime kwenye mizani yake. Watu wananicheka sokoni. Nawaacha wacheke.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, fundi au si fundi, nina neno moja tu. Fikiria vizuri kama kuna mtu mahali fulani anajilaumu kwa jambo ulilolifanya wewe. Usiniambie hayupo, fikiria kwanza. Kama yuko na bado anapumua, ondoka sasa hivi, usisubiri mtu wa kumtuma wala nafasi nzuri. Ukimkuta hai atakutukana, atalia, pengine atakupiga. Mimi ningetoa kila nilicho nacho kupigwa na mzee yule.